Ndila, Aliyepima Mawazo ya Vyuma

Mwaka umekatika, Ndila, tangu tukulaze hapa Makindu, Agosti 1995. Mama bado anakutaja kwa wageni kabla hawajamaliza chai.

Ulipotuambia kwamba kule Uingereza unapima "stress" ndani ya chuma, ni kaka yako Kivuva, mwenye Kiingereza cha kujigamba, aliyetafsiri: "Mama, Ndila anapima mawazo ya vyuma." Mama akauliza, "Kwani vyuma vinawaza nini?" Kanisa zima likakuombea kwa jina la "mpima mawazo ya vyuma". Ulicheka hadi machozi, ukasema tafsiri haikuwa mbali sana.

Likizo moja ulitueleza vizuri. Chuma kilichochomelewa huweza kung'aa nje huku ndani kinajivuta. Ukikikata uone, mkazo wenyewe, ile "stress" yako, unalegea, na hapo huna cha kupima. Kwa hivyo mlikielekezea nyutroni, chembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani bila kukiharibu, mkasoma jinsi safu za atomu zilivyoachana. Ulieleza haya ukikanda unga wa chapati, maana hukujua kukaa bure.

Mwaka wa 1987 walikuletea bomba la mvuke, ambalo watu wangefanya kazi kando yake. Wakubwa walikuwa na haraka. Vipimo vyako vilionyesha kwamba pale lilipochomelewa limevutika kupita kiasi, nao wakataka useme ni salama, la sivyo mkataba wako ungekoma. Ukapiga simu dukani kwa Kivuva, Malili. Mama, aliyekuwa huko siku hiyo, akaishika, akasikiliza yote, akasema, "Mwiitu wakwa, binti yangu, kama umeona, usiseme hujaona. Kazi ikiisha, huku ni kwenu."

Ukakataa. Walikununia sana, lakini mwishowe bomba lilirudishwa kwenye tanuri, likapashwa moto na kuachwa lipoe polepole. Ulipolipima tena, mkazo ulikuwa umeshuka. Ndipo ukaweka sahihi.

Kuna watu huko wasiojua Makindu iko wapi, wala hawajawahi kusikia jina lako. Wanafanya kazi kando ya bomba lile, na jioni wanarudi kwa watoto wao. Tunajivunia hilo, Ndila, na hatuoni haya kujisifu.

Ni sisi: mama yako Kalondu, mume wako Evanson Ng'ang'a, binti yako Wanjiro, kaka yako Kivuva na jamaa wote wa Makindu na Malili. Tutakukumbuka siku zetu zote.