Jogoo Aliyeliwa Ndalu Ameshinda Shoo ya Kitale

Ndalu, Novemba 1991

Mpendwa Mama Dinah,

Pokea salamu nyingi kutoka Ndalu, mimi ni mama wa watoto watatu na nimekusoma kila wiki nikiwahurumia wengine, leo ni zamu yangu kuhurumiwa, nakuomba unishauri kabla ya Jumamosi ya kwanza ya Desemba kwa sababu siku hiyo ikinikuta hivi sijui uso wangu nitauweka wapi. Tafadhali badilisha majina.

Shida yangu ni jogoo. Usicheke kwanza. Miaka miwili iliyopita rafiki yangu Chelangat, ambaye anakaa Kitale, alinipatia mayai kumi na mawili ya kuku aina ya Wyandotte, hapa kwetu tunawaita waindoti, yalitoka kwa mzungu mzee aliyekuwa anahama, nikayabeba kwenye kikapu kilichojaa punje za wimbi yasigongane, nikamwekea kuku wangu wa kienyeji akayalalia kama yake, yakaanguliwa manane, mwewe akachukua wawili, na hao sita waliobaki wakawa majike watano na jogoo mmoja. Mama, ungewaona. Manyoya meupe na kila unyoya umezungushiwa weusi pembeni kama kitambaa kilichoshonewa ukingo, miguu ya njano, na ule upanga mwekundu wa kichwani haukusimama kama wa kuku wetu bali umelala, kwa hivyo hata baridi ya Julai haiwasumbui. Jogoo nilimwita Diwani kwa vile anavyotembea. Hakuna mwingine kama yeye kutoka hapa mpaka Tongaren, na nilijua akifa kizazi kimekwisha, maana majike peke yao watataga mayai ya kukaanga tu.

Sasa mwezi wa nne baba mkwe wangu, Mzee Walubengo, alikuja nyumbani na wazee wawili wageni kutoka Chwele, na wewe unajua kwetu Wabukusu mgeni wa heshima haondoki bila kuku, na firigisi ni ya mzee. Mgeni mmoja akanyoosha fimbo yake kwa Diwani akasema, "Huyu ndiye anatufaa, hawa wengine ni watoto." Nilimtazama baba mkwe nikitumaini atasema huyo ni wa mbegu, lakini aliangalia chini kidogo, kisha akaniambia, "Mama Mukhisa, si umshike huyo."

Nilimshika. Nilienda naye nyuma ya jikoni na kisu mkononi, na Mungu ananiona, mkono ulikataa. Nikamfunika kwa kikapu, nikapita uani mpaka kwa jirani, nikanunua jogoo wake mweusi tititi mpaka miguuni, nikamchinja huyo, manyoya yake nikayachoma yote, halafu nikaokota manyoya ya Diwani yaliyoanguka bandani nikayamwaga jalalani ili apitaye ayaone. Nilipika kwa haraka na kwa woga hata mguu mmoja, ambao kwetu ni wa watoto, ukaingia kwenye bakuli la wazee ukiwa haujamenywa vizuri. Mzee aliugeuza ule mguu, akautazama, akauweka kando. Akala firigisi yake, na nilipomletea maji ya kunawa akaniambia, "Kuku wa namna hii, mama, usiache kufuga." Wageni walishukuru wakaenda zao, na kulipokucha nikampeleka Diwani Kitale kwa Chelangat, na huko ndiko yuko mpaka leo.

Tangu siku hiyo mzee anatangaza kanisani na sokoni kwamba amemla jogoo wa mzungu akammaliza, na mimi nasikia nanyamaza. Kila mwezi nabeba majike wawili hadi Kitale, nawaacha na Diwani wiki moja, nawarudia, nakusanya mayai yao siku kumi hivi na kuyaweka chini ya kuku wa kienyeji, na sasa nina vijana kumi na saba wanaokimbia uani, watu wanadhani mayai nayatoa kwa Chelangat, ingawa majogoo watatu kati yao wametoka na upanga wa kusimama na naogopa watu watasema niliwachanganya. Lakini mume wangu Jairus amehesabu safari zangu. Juzi aliniuliza, "Agneta, nani uko naye huko Kitale? Sema tu, mimi sitapiga kelele." Nikasema ni Chelangat. Akasema, "Ni kwa Chelangat unajipaka mafuta ukienda?" Hakula chakula siku hiyo.

Na bado. Mwezi uliopita Chelangat alimpeleka Diwani kwenye shoo ya kilimo ya Kitale, mimi nikaenda nikasimama nyuma kabisa ya watu katika banda la kuku. Walikuwako majogoo wa mashamba makubwa, wameogeshwa, wana vizimba vilivyopakwa rangi, na Diwani wangu yuko kwenye kizimba cha mbao za sanduku. Mwamuzi aliwashika mmoja mmoja, akafungua mbawa, akapuliza manyoya ya kifua, akapapasa upanga, na kwa Diwani alirudi mara tatu. Halafu akatangaza ni nambari wani, akauliza mwenyewe ni nani. Chelangat akanisukuma mgongoni, "Wewe, si uende? Ama unataka wampatie mtu mwingine?" Nikaenda, Mama Dinah. Niliulizwa jina nikataja yote matatu kwa sauti na nikaongeza Ndalu, watu wakapiga makofi, nikapewa kikombe kinang'aa kama jua, na sijawahi kufurahi hivyo hata siku ya harusi yangu. Je, hiyo nayo ni dhambi?

Kikombe nimekificha ndani ya gunia la mahindi. Na kwa sababu nilitaja Ndalu, afisa wa mifugo amepanga na chifu kwamba Jumamosi hiyo ya Desemba akina mama wa vikundi kutoka Tongaren na Chwele waje bomani kwangu wamwone jogoo aliyeshinda na waagize vifaranga. Hapa nyumbani chifu amesema tu kuna wageni wa kutazama kuku, na amemwomba baba mkwe wangu afungue kwa maombi. Hebu fikiria, aombe amesimama mbele ya jogoo aliyemla.

Nifanye nini? Nimrudishe Diwani, mzee ajue nilimlisha jogoo wa jirani, anilaani? Ama nimwuze huko huko, mnunuzi yuko, niwaambie wageni alikufa, na kizazi chake kiishie hapo?

Ni mimi niliye taabani,
Agneta, Ndalu.

MAMA DINAH ANAJIBU:

Agneta, majina nimeyabadilisha ulivyoomba, lakini kwa jogoo mwenyewe sina la kufanya, huyo amejitangaza.

Kabla sijakugombeza, pokea hongera zangu. Mwanamke wa mayai kumi na mawili na kuku mmoja wa kienyeji amewapita wenye mashamba makubwa! Barua yako nimewasomea watu wote ofisini humu, na nilipofika mahali ulipotaja majina yako matatu, karani wetu alisimama akapiga makofi. Unauliza kama furaha hiyo ni dhambi. Si dhambi hata kidogo. Dhambi ni kikombe hicho kukaa na fukusi ndani ya gunia.

Sasa kaa chini. Umekosa mara mbili, na kosa kubwa silo unaloliogopa. Unamwogopa mzee, kumbe aliyeumia ni Jairus. Miezi saba umemwacha mtu wa watu akilala na mwanamume wa Kitale kichwani, mwanamume ambaye hayupo, na wewe unajipaka mafuta unapanda gari bila neno. Ulidhani angekupeleka kwa baba yake akakushtaki? Labda mwezi wa nne angefanya hivyo, sijui. Lakini mume anayeuliza na kuahidi hatapiga kelele ni mume anayeomba aambiwe kitu cha kumtuliza, na wewe ulikuwa nacho ukamnyima. Hapo, mama, umenikasirisha.

Kosa la pili ni la mezani. Kumlisha mkwe kitu na kumwambia ni kingine si jambo dogo kwenu, na sitakudanganya kwamba ni dogo. Najua mke wa mwana hasimami mbele ya wageni akambishia baba mkwe. Basi ungemwita mumeo pembeni, au ungepeleka neno kesho yake. Ulikuwa na kesho mia mbili.

Lakini sasa rudi usome barua yako mwenyewe, maana umeniandikia jambo ambalo hukuliona. Ulimchinja jogoo mweusi tititi, na mguu wake ukaingia bakulini haujamenywa. Diwani ana miguu ya njano. Mzee wa Kibukusu aliyekula kuku tangu meno ya utotoni, ageuze mguu mweusi mkononi, autazame, halafu asijue? Agneta, Agneta. Na baada ya hapo akakuambia usiache kufuga. Mtu aliyemaliza kumla jogoo wako wa pekee atakuambiaje usiache kufuga? Utafuga na nini?

Mimi si mganga wa kusoma mioyo ya watu, lakini nadhani Mzee Walubengo alijua kabla hajanawa mikono. Yeye pia alibanwa. Mgeni amekwisha kunyoosha fimbo, na mwenyeji wa heshima hawezi kusema huyo hachinjwi. Ndiyo maana aliangalia chini. Wewe ukamtoa kwenye aibu, naye akakulipa kwa mdomo wake: kanisani amemla, sokoni amemla, kila mahali amemla akammaliza, na tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyekuja kumuulizia jogoo wa mzungu. Unasema anakutangazia uongo wako. Mimi naona amekulindia mifugo yako bila kukudai hata asante.

Na kama nimekosea na hajui lolote, shauri langu ni lile lile, halibadiliki.

Ukimaliza kusoma gazeti hili, toa kikombe kwenye mahindi, kipanguse, kiweke magotini mwa Jairus, na umwambie yote bila kuruka, pamoja na habari ya manyoya jalalani. Atanuna kwanza, mwache anune. Halafu mwombe akusindikize Kitale amwone huyo mwanamume wako kwa macho yake. Na Chelangat umpelekee zawadi ya maana, kwa sababu amekufugia, amekupelekea shoo na amekusukuma mgongoni, na marafiki wa namna hiyo hawaanguliwi kwa siku ishirini na moja.

Kwa mzee usiende mwenyewe. Hayo maneno si ya mke wa mwana kumwambia baba mkwe ana kwa ana, na ndiyo maana kila boma la Kibukusu lina senge, dada wa baba mkwe, ambaye kazi yake ni kubeba yasiyobebeka. Nenda kwa senge wenu na jike mmoja kati ya wale vijana wako, usiende mikono mitupu, umweleze, yeye ampelekee kaka yake. Kubali na faini, mzee akiitaja. Nahisi senge atarudi akiwa amechoka kwa kucheka.

Kuhusu wale majogoo watatu wenye upanga wa kusimama, nimemuuliza daktari wa mifugo ninayemwamini. Anasema waindoti safi kabisa huzaa wa hivyo mara moja moja, ni damu ya babu zao inachungulia, wala si dalili kwamba ulichanganya. Ila hao si wa mbegu, usiwaweke na majike. Ni wa sufuria. Basi hapo Mungu amekupa jibu likiwa linatembea uani. Mwalike mzee kabla ya siku ya wageni, mchinjie mmoja, firigisi mbele yake, na miguu yote miwili ya njano bakulini, safari hii kwa makusudi. Atakuwa amekula alichoahidiwa mwezi wa nne, na maneno yake ya kanisani yatakuwa kweli.

Diwani hauzwi. Mwambie huyo mnunuzi asubiri vifaranga kama watu wengine. Majogoo wa kienyeji uwafungie mbali, na usimwuzie mtu yai la mbegu kabla ya wiki tatu kupita tangu uwatenge, maana mbegu yao hukaa ndani ya majike. Mwaka ujao tafuta jogoo wa damu nyingine, kwa sababu hao sita wako ni ndugu, na Diwani akiendelea kuwapanda dada zake na binti zake utapata kuku dhaifu, kisha uje uniandikie barua nyingine. Wanaotaka vifaranga waandike majina kwa zamu, asipite mtu mbele ya mwingine hata akiwa mke wa chifu. Na jina langu liandike. Nataka mayai kumi na mawili.

Tena usithubutu kumrudisha jogoo huyo kwa kujificha. Mlete Ijumaa, mchana, Jairus akiwa kando yako, mpite katikati ya soko la Ndalu, kikapu kikiwa wazi.

Mama Dinah