Mwanya Nilioziba

Githongo, Jumatano usiku

Nilijiambia kwamba ninamlinda Nyanya. Ndiyo sababu niliyoitoa nilipoziba kwa wavu wa seng'enge ule mwanya wa ua wetu, upande wa shamba la kahawa. Ukweli ni kwamba mkurugenzi wangu wa kazini atatutembelea Jumapili, nami sikutaka aone boma lenye tundu.

Kupitia mwanya huo jirani yetu, Nyanya Nkirote, alikuja kila asubuhi na kibuyu cha uji. Tangu mguu wa Nyanya uharibike, akina mama wa kanisa wameacha kumwita kwenye mikutano yao. Aliyebaki ni Nkirote pekee, naye kuzunguka hadi lango la barabarani kunamshinda, kwa kuwa mteremko ni mkali na magoti yake yamechoka.

Jioni niliwakuta wameketi, kila mmoja upande wake wa wavu. Kibuyu hakikuweza kupenya.

"Mjukuu wako amekufungia kama ng'ombe wa gredi asiyetoka zizini," Nkirote alisema.

"Afadhali ng'ombe," Nyanya akajibu. "Yeye huletewa nyasi."

Wakacheka. Mimi, mwenye shahada ya maendeleo ya jamii, sikupata pa kuuficha uso wangu.

Baadaye nilimwahidi Nyanya kwamba nitaukata wavu kesho kabla ya kwenda kazini, mkurugenzi aone atakachoona. Nilitarajia lawama. Ingekuwa nafuu kwangu.

"Kata mwanya mpana kuliko wa kwanza," alisema. "Siku hizi Nkirote hawezi kuinama."