Maji ya Kichwa cha Udongo

Jumapili, 5 Oktoba
Mbumbuni tena. Wahadhiri wamegoma, chuo Kitui kimefungwa, studio ina kufuli. Wenzangu wamebeba laptop kwenda nazo kwao. Mimi nimebeba gunia la udongo! Mama ameliangalia, akauliza kama Makueni mchanga umeisha.

Kanisani jirani yetu Mama Ndunge ameniuliza kwa sauti: nikimaliza hiyo digrii ya sanaa nitauza vyungu mjini Wote ama hapa hapa kijijini? Watu wakacheka. Mama pia alicheka. Hiyo ndiyo imeniuma.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeanza kufinyanga kichwa cha mtu. Mti katikati, waya, halafu udongo. Nilimwomba Mama akae nimwangalie – sura ninayoitaka ni yake. Hapana! Picha yake iko kwa kitambulisho, inatosha. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kuchambua ndengu.

Basi nitamwibia. Shavu akipepeta, kope akisali. Sitamwambia.

Jumamosi, 11 Oktoba
Upepo wa huku unakausha kila kitu, na udongo ukikauka unapasuka. Kila jioni nalowesha kitambaa, nakifunika kichwa, juu yake nailoni. Kikombe kimoja tu cha maji. Lakini Mama anakiona! Maji tunachimba mchangani mtoni, punda anabeba. Leo amesema, "Watu wako na kiu, na wewe unanywesha matope."

Hajawahi kufunua aone. Siku nzima tumeongea juu ya chumvi na kuku. Nilituma picha ya sikio kwa group ya darasa – sikio zuri kweli! Wameona, wamenyamaza. Natamani mtu mmoja tu aniulize ninafanya nini.

Jumapili, 12 Oktoba
Mgomo umeisha! Mwalimu Wahome amepiga simu. Ijumaa ni maonyesho yetu ya mwaka wa nne, na kuna mchongaji wa Nairobi atakayechagua mtu wa kufanya attachment, kujifunza kazi kwa karakana yake. Mtu mmoja. Sina kazi nyingine ya kuonyesha, ni hiki kichwa tu.

Udongo mbichi hauwezi ile safari ya hadi chuoni, utabondeka. Lazima nifuate Kitui plasta, ule unga mweupe unaoganda, nirudi nikitoe nakala hapa hapa nyumbani, ndiyo nibebe nakala.

Jumanne, 14 Oktoba
Kitui. Plasta ninayo. Hosteli bado tupu, nimekula chapati peke yangu nikiangalia ukuta.

Nilikiacha kichwa na vitambaa viwili na nailoni. Kitavumilia. Sikumwomba Mama akiangalie. Ningeambiwa habari ya matope.

Jumatano, 15 Oktoba
Sijui nianzie wapi.

Nimefika saa tisa. Mama alikuwa mlangoni, ananingoja! Hajawahi. Akanishika mkono kama mgeni, akanipeleka mezani penye kichwa.

Alikuwa amefunua. Jana tu, aone, anasema. "Kumbe ni mimi! Kathini, na hukuniambia." Akaogopa nisije nikakuta udongo umekauka. Akaumwagilia. Kikombe, halafu kingine, jana mpaka leo asubuhi, mpaka mitungi yote ikaisha. Punda alikuwa amechoka, kwa hivyo alienda mtoni mwenyewe akachota mengine, nayo akayamwaga.

Pua imeteremka hadi kidevuni. Shavu lote liko mezani. Waya umetokeza pale palipokuwa na jicho. Sikio langu limebaki, peke yake.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kulia pia. Mama ananiangalia usoni, nguo yake bado ina maji mpaka magotini. "Kimekunywa vizuri," akasema. Halafu polepole, "Ama nimeharibu?"

"Kimelainika kidogo, Mwaitu, mama yangu." Hiyo tu ndiyo imenitoka.

Akaniangalia sana. Akavuta kile kiti cha kuchambulia ndengu, akakiweka dirishani penye mwanga, akakaa. Uso kwangu. Akauliza kama atoe kitambaa cha kichwa ama akiache.

Ijumaa ni keshokutwa. Udongo ni uji. Hata nikifinyanga usiku kucha, sijui kama nitawahi.

Nimemwambia akitoe kitambaa. Akasema basi ningoje kwanza anawe uso, hawezi kukaa mbele ya watu wa Nairobi na vumbi. Akainua mtungi. Mtupu. Wa pili, mtupu.

Amechukua kikombe, ameenda kwa Mama Ndunge kuomba maji. Namsikia kutoka hapa, anamweleza ni ya nini – kwa sauti.