Ungo wa Mama na Feni Niliyoiua

Kitaji, Musoma
12 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu Gaudensia,

Shikamoo. Habari za Morogoro, na za ule mguu wako? Shemeji Ngolo bado anakoroma, au milima ya huko imemnyamazisha? Sisi tu wazima. Mama yuko Butiama anapalilia mihogo na kuwagombeza kuku, kwa hiyo afya yake usiihofu. Mimi nimenenepa kidogo na uzuri umezidi, lakini hilo unalijua.

Aliyekupa karatasi hii ni mwanangu Marieta. Usimwulize amekuja kufanya nini. Nimemkataza kusema mpaka umalize kusoma, maana nina kosa la kuungama na sitaki anitetee. Kwenye simu ungenicheka kabla sijafika penye aibu yenyewe. Mpe maji, mkalishe.

Ile laptopu uliyomnunulia alipomaliza chuo ilianza kuchemka mwezi uliopita. Ukiigusa chini ni kama sufuria ya ugali. Dakika ishirini tu, inazima yenyewe bila hodi. Na ndipo akaitwa kwenye usaili wa ile kazi ya maabara ya maji hapo kwenu. Usaili wa kuonana sura kwenye kompyuta, Alhamisi saa nne asubuhi, na jaribio la kujaza palepale, kwa hiyo simu isingefaa. Walioitwa ni watano, nafasi moja. Tulizunguka Kitaji nzima kuazima nyingine, tukakosa.

Unanijuaga. Nikamwambia, mwanangu, baba yako na darasa lake la saba amefungua mashine za boti kuanzia Mwigobero mpaka Kisumu, hiki kisahani kitanishinda? Mashine ya boti ikichemka, unaipa maji. Maji kwenye kompyuta hata mimi najua hapana. Lakini barafu ikifungwa vizuri siyo maji, au siyo? Jumatatu Marieta alipokwenda sokoni nikaifunga kwenye nailoni, nikaipeleka kwa Silasi muuza samaki, nikailaza ndani ya sanduku lake la barafu, katikati ya sato. Nusu saa. Ikatoka baridi safi. Nikairudisha mezani, nikanyamaza, nangoja kusifiwa.

Alipoiwasha, ikazima dakika ya sita.

Marieta hakulia. Heri angelia. Alikaa tu anakiangalia kile kioo cheusi, na mimi na siri yangu nikatoka nje kujifanya nakagua paa.

Jumatano tukakimbilia Bunda kwa fundi Luhende. Akafungua mgongo. Dada, wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kujaa madirishani, walikuwa humo! Wameziba matundu ya hewa kama uji uliokauka. Marieta anasomeaga dirishani, taa inawaita. Luhende akawapuliza wote, nikaanza kupumua. Kisha akaisukuma feni kwa kidole. Haikuzunguka. Akainusa.

"Mzee, hii imeingia maji."

"Maji ya wapi tena?" nikauliza, uso mkavu.

"Sijui. Ila inanuka samaki."

Marieta akageuka akaniangalia. Ikabidi niseme yote, mbele ya wateja. Luhende hakucheka. Akasema feni ilikuwa nzima, ilitaka kusafishwa tu. Nyingine ingefika kutoka Mwanza Jumamosi. Usaili kesho yake.

Njia nzima ya kurudi mwanangu alinipa mgongo, anatazama dirishani.

Alhamisi asubuhi nikatoa ungo aliotusukia Mama. Tukaiweka laptopu juu ya matofali mawili, mgongo wazi, nami nikapiga magoti pembeni ya meza ambapo kamera hainioni. Feni nimeiua mimi, basi feni niwe mimi.

"Baba, usiseme kitu," akaniambia. "Hata kukohoa."

Mimi, dada! Mimi ninayeongea hata usingizini!

Wakatokea watu watatu kwenye kioo. Nikapepea. Dakika ya sita ikapita. Ya kumi. Akamaliza jaribio. Ya ishirini. Mkono wa kulia ukafa, nikahamia wa kushoto. Nikipunguza kidogo tu, sauti zao zinaanza kukatikakatika. Nikaongeza nguvu, na ungo ukaingia kwenye picha.

"Samahani," mama mmoja wa kule akauliza, "hicho kinachopitapita nyuma yako ni nini?"

Mimi nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni.

"Ni baba yangu," Marieta akasema. "Feni ya kompyuta imekufa, anaipepea kwa ungo."

Nikaendelea kupepea, moyo ukisikika mpaka mtaa wa Kamunyonge.

"Mwambie asichoke," yule mama akasema. "Limebaki swali moja. Kifaa cha maabara kikiharibika mikononi mwako, utafanya nini?"

"Nitasema mapema," mwanangu akajibu, "kabla sijajaribu..."

Kioo kikawa cheusi.

Nilikuwa bado napepea, dada. Ilibidi anishike mkono.

Akawapigia, hawakupokea. Ijumaa kimya. Jumamosi feni mpya ikafika, kimya. Nikamwomba mwanangu msamaha, akasema yameisha, baba, lakini hakuinua macho. Jumapili kanisani niliimba kwa sauti ndogo mpaka watu wakaniuliza kama naumwa.

Jumatatu simu ikalia. Walisikia mpaka neno "mapema". Wakasema limewatosha.

Basi kazi anaanza Jumatatu hii inayokuja, na anategemea kile chumba chako cha uani. Wewe nisamehe kwa laptopu yako. Sasa haichemki, ila kwenye mzigo wake utakuta ungo. Nimeutia mimi, na alipouona alicheka, ndipo nilipojua kweli yameisha. Sasa mruhusu aongee.

Mama anakusalimia sana, na mama Marieta, na Silasi, ambaye bado anauliza kama kompyuta ikikaa kwenye barafu inaongeza bei ya sato. Wasalimie Kulwa na Dotto. Mungu akulindie nyumba na mguu, na mkono uliomnunulia mwanangu usipungukiwe.

Mimi mdogo wako akupendaye, hata akikuharibia vitu,
Mugeta