Zafarani Ndani ya Kopo la Zuhura

Jumatano, baada ya Isha

Na bado anataka nimshukuru!

Mama mkwe kaja asubuhi kutoka Makunduchi na chupa ya kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, kisha zikasuuzwa kwa maji na marashi. Kombe silikatai, nami nimelelewa nalo. Lakini nilipotoka kwenda dukani, kalimimina ndani ya kopo la kijani la Zuhura.

Kopo lile! Zuhura hanywi kwa chombo kingine. Mwalimu wake wa mazoezi ya kusema kahangaika naye miezi, kopo hilo hilo mkononi, mpaka juzi mwanangu, mwenye usonji na miaka sita, akanitazama akasema, "Maji." Neno lake la kwanza. Nililia mpaka jirani akadhani tumefiwa.

Leo kaonja, katema, kopo kalitupa ukutani. Nshalisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu, harufu haitoki. Kila nikimpa analisukuma. Jioni nilimnywesha kwa kijiko, kwa nguvu, huku anatetemeka.

"Mama, ungeniuliza kwanza," nilimwambia mama mkwe.

"Nikuombe ruhusa kumponya mjukuu wangu?"

Nilirudi kulisugua kopo. Ningefungua mdomo, ningesema la kuvunja undugu...

Sasa Zuhura kajikunyata pembeni, midomo imemkauka, haombi kitu. Na mama mkwe yuko sebuleni, anampigia simu mume wangu kazini Matemwe, sauti imejaa furaha: "Alhamdulillahi, kombe limemwingia. Mtoto katulia!"