Anastasio, Maana Yake Aliyefufuka

Jumatatu, 4 Februari 2019
Mama mkwe kaja kutoka kijijini na sufuria ya supu ya vitunguu saumu. Hata hajavua koti: "Mtoto ataitwa Anastasio, kama babu wa Fermín." Fermín, mume wangu, kainamia bakuli. Mimi nataka Leandro. "Hilo jina la waimba mapenzi," kasema mama mkwe. Nimecheka nisije nikalia. Mimba ya miezi saba — na tayari tunamgombania!

Jumatano, 6 Februari
Nimemuuliza Padre Eliseo baada ya misa. Leandro limetoka kwa Wagiriki: mtu-simba. Anastasio nalo la Kigiriki, tena tukufu: aliyefufuka. Mama mkwe nusura apige makofi kanisani. Mimi baridi imenipanda mgongoni. Afufuke kutoka wapi? Hafufuki asiyekufa! Nimemwambia Fermín. "Ni jina tu, Herminia." Jina tu? Basi mbona mama yako halibandui mdomoni?

Alhamisi, 7 Februari
Kiuno kinauma. Sijala.

Ijumaa, 8 Februari
Chupa ya uzazi imepasuka sokoni, mbele ya muuza samaki. Kazaliwa mchana. Njiti. Mvulana. Sijamshika.

Jumamosi, 9 Februari
Yumo kwenye mashine ya joto. Mkononi kafungwa kikaratasi: "Mtoto wa Herminia". Basi.

Asubuhi aliacha kupumua. Mashine ikapiga kelele — muuguzi, Aránzazu, akamgusagusa unyayo — akavuta pumzi. "Njiti husahau," kasema. "Sisi tunawakumbusha." Kama vile ni kumwagilia maua!

Mama mkwe alikuwa kabandika uso kwenye kioo. Nilimsikia akiita. Siyo Anastasio. "Leandro! Leandro, baba, pumua!"

Baadaye kaja kukaa kando yangu. "Mwite utakavyo, mwanangu. Mradi aitike."

Nimeshinda, eti. Mbona sifurahi? Lile jina nililolikimbia sasa halinitoki kichwani. Kaacha kupumua, karudi. Kama huko si kufufuka, ni nini? Na nikimnyima jina hilo, je, kesho akisahau tena?

Aránzazu kaja na kalamu, anataka jina la kubandika kitandani. Fermín ananitazama. Mimi namtazama mama yake. Yeye haondoi macho kwenye kile kifua kidogo — kinapanda, kinashuka, kinapanda —