Wati Sitini

Jumatatu, 10 Oktoba 1955

Maulidi ya mji mwaka huu yanasomwa kwangu! Barazani kwangu, hapa Mikindani, na kwa vipaza sauti! Mzee Shaibu wa msikitini amepitisha leo asubuhi. Vipaza sauti viwili amevileta mwenyewe kutoka Unguja, vimekaa kama matarumbeta ya bati. Kilichobaki ni amplifaya, ile mashine ya kuvitia nguvu. Na nani kaambiwa aichague? Alawi, mwanangu wa kumzaa. Kazi yake ya umeme kule bandarini Mtwara wameiona.

Nimekwenda kwa jirani yangu Zuhura kuazima ungo nisiouhitaji, ili apate kuniuliza kuna nini.

Jumatano, 12 Oktoba

Nimefuatana na Alawi dukani Mtwara. Mwenye duka katoa mbili, zote za kutumia betri ya lori. Moja ndogo, ya kijivu, wati ishirini na tano. Nyingine kubwa kama kasha la bibi harusi, ina taa nyekundu mbele — wati sitini.

Alawi kashika ile ndogo. Kanieleza taratibu: kipaza sauti kina koo lake, hivi vyetu kila kimoja humeza wati kumi na tano, basi. Kuvipa sitini ni kumnywesha mtoto mchanga uji kwa ndoo.

Nilimwelewa. Naliandika hapa ili nisije nikajidanganya: nilimwelewa. Lakini nilishamwambia Zuhura kwamba sauti itafika Msimbati, mbali kuliko Mtwara. Nirudi na kijisanduku kile? Nikasema achukue kubwa.

"Mama, hii haifai."

Nikamjibu, nusu nacheka: "Usipoichukua, radhi zangu usizitegemee."

Akaichukua. Njiani alisema tu kwamba sauti ataiweka chini kabisa, isipande.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nyumba imejaa wageni wa kuitazama. Nimeifunika kwa kanga yangu mpya. Nawafunulia mmoja mmoja.

Jumapili, 16 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Tulijaribu baada ya Alasiri. Mzee Shaibu kakaa mbele, mji mzima nyuma yake. Alawi kafungua kidogo, kijana wa chuo cha Kurani kasoma kaswida. Sauti nzuri, laini, inatosha kabisa. Watu wanatikisa vichwa. Ningenyamaza tu!

Zuhura kasema, kama anajisemea, kwamba hata mumewe akipiga kelele husikika umbali huo. Moyo ukanichemka. Nikasema kwa nguvu, "Ongeza, mwanangu. Wa Bomani hawajasikia."

Alawi kanitazama. Nikamkazia macho. Akaongeza.

Mlio kama wa mbuzi anayechinjwa. Kisha harufu ya kuungua, kisha kimya. Kipaza sauti kimoja kimekufa palepale.

Mzee Shaibu kauliza nani kachagua mashine hii. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Alawi kasema, "Mimi, mzee. Nimekosea."

Na mimi nikatengeneza ushungi wangu.

Jumatatu, 17 Oktoba

Zuhura kaja kuchukua ungo wake. Kasema, mwenzetu, sauti ya mwanao kweli imefika Msimbati, sisi wa karibu ndio haikutufikia. Nikampa ungo, nikamshukuru. Mimi!

Nasikia wazee wamesema kijana bado, kwanza aende akashike waya za wenzake. Wameagiza fundi wa Lindi.

Alhamisi, 20 Oktoba

Leo nilikwenda kwa Mzee Shaibu kusema ukweli. Nimepokewa na mkewe, Bi Somoe, kahawa na haluwa. Mzee katoka, nikampa shikamoo, kasema, "Marahaba, Mama Alawi. Una neno?"

Nikasema nimekuja kuuliza kuhusu wali wa wageni.

Tena nikamsifu Alawi — jinsi alivyo mpole, asiyejibishana na wakubwa. Mzee akaitikia tu. Kurudi nyumbani nimepitia uchochoroni nisionwe.

Jumapili, 23 Oktoba

Alawi kairudisha ile kubwa dukani, kabadilishiwa ndogo. Akaifunga uani kwenye kipaza sauti kilichopona, akaifungua nusu, akatia neno moja tu: "Bismillahi." Safi kama maji ya kisima. Hicho kimoja kinatosha baraza na uani kwa wanawake. Kaenda kumwambia Mzee Shaibu. Karudi upesi: mzee kasema mambo ya Alawi ameshayaona, fundi wa Lindi yuko njiani.

Nikamwambia ale. Hakula. Akapiga magoti hapa hapa mkekani, mtu mzima na ndevu zake, akanishika miguu.

"Mama, nimekutia aibu mbele ya watu. Niwie radhi."

Yeye aniombe mimi! Nikamwambia nimekuwia radhi, mwanangu, dunia na akhera. Neno lile lile nililolitupa dukani kama ganda la muhogo. Angalau ningelimwambia kwamba kosa ni langu. Nikamsogezea sahani.

Jumatano, 26 Oktoba

Fundi wa Lindi kafika, anataka kukagua baraza. Alawi kamwonyesha pa kupitisha waya, anamshikia ngazi. Ndogo ya kijivu iko chumbani, kaifunika kwa kanga yangu ile.

Nimevaa buibui niende kwa Mzee Shaibu. Nimelivua. Nimelivaa tena. Akijua mapema, bado anaweza kumkabidhi Alawi kazi yake. Akijua baadaye, itamfaa nini?

Hodi. Ni Zuhura, kaleta masufuria. Kaniuliza na buibui hilo naelekea wapi. Nikasema nalijaribu tu kwa ajili ya Ijumaa, nikalivua. Anasema wa Mtwara wanakuja na lori, wa Msimbati nao wameshaanza safari. Mji mzima, barazani kwangu, Ijumaa baada ya Isha.